Hawampendi, na Kura Wakampa

Mdogo wangu yuko Morogoro. Usiku ule wa Novemba 2014 nilipomwandikia kwamba sijalala, nangoja matokeo ya gavana, alinijibu: "Kwani Gavana wa Benki Kuu huko mnampigia kura?" Sikumlaumu. Kwetu Tanzania ukisema gavana, mtu anafikiria saini iliyo kwenye noti. Mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, akiboronga anatumbuliwa, habari imeisha. Mkenya angenielewa haraka zaidi, maana tangu 2013 anachagua magavana 47 wa kaunti, ila naye angekuwa na swali lake: mbona huko gavana anachaguliwa mwaka ambao rais hachaguliwi?

Swali la Mkenya ndilo lenye uzito. Kwao gavana na rais wanapigiwa kura siku moja, asubuhi moja, foleni moja. Marekani majimbo 36 kati ya 50 yanamchagua gavana katikati ya muhula wa rais, rais akiwa ameshakaa Ikulu karibu miaka miwili na watu wameanza kumchoka. Jina lake halimo kwenye karatasi ya kura, na bado kampeni nzima inamhusu yeye. Mimi ilinichukua muda kulielewa hilo, na aliyenielewesha alikuwa mzee mmoja niliyekuwa namlea.

Nilikuwa Wichita, Kansas, mwaka wangu wa tatu, nikifanya kazi wanayoifanya wengi wetu tukifika huku: kulea wazee majumbani. Zamu ya usiku, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Huyu wangu alifundisha sayansi sekondari miaka 31, katika mji mdogo wa wakulima wa ngano magharibi ya Wichita. Mkewe alishafariki, binti yake yuko Olathe, kisukari kimemla miguu, ila kichwa kizima kabisa. Nilimwita Mzee. Nilipomweleza maana yake alikubali, akasema ni bora kuliko alivyokuwa akiitwa na wanafunzi.

Mzee alikuwa Mrepublican wa kuzaliwa, kama mtu wa kwetu anavyozaliwa Simba au Yanga. Na gavana wake, Mrepublican mwenzake Sam Brownback, alikuwa hampendi hata kidogo. Habari za saa nne usiku zikimwonyesha Brownback, ananiomba nizime televisheni, kisha ananiomba niiwashe tena ili amjibu.

Chanzo kilikuwa kodi. Mei 2012 Brownback alitia saini sheria ambayo wachumi wa nchi nzima waliitolea macho. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya jimbo kilishushwa kutoka asilimia 6.45 hadi 4.9, na mwenye kampuni ndogo, ubia, shamba au biashara yake binafsi akasamehewa kabisa kodi ya jimbo kwenye faida. Yaani mwajiriwa anaendelea kukatwa, mwajiri wake halipi senti. Gavana mwenyewe aliita sera hiyo jaribio, akaahidi kwamba itakuwa kama sindano ya adrenalini kwenye moyo wa uchumi wa Kansas. Mzee, mtu aliyefundisha watoto maana ya jaribio kwa miaka 31, lugha hiyo ilimkera kuliko kodi yenyewe. Jaribio, alisema, lazima liwe na kitu cha kulinganishia, na anayelifanya awe tayari kukubali kwamba limeshindwa. Kitu cha kulinganishia kipo, Missouri iko ng'ambo ya barabara tu pale Kansas City. Huo utayari wa kukubali ndio haukuwepo.

Mapato ya jimbo yaliporomoka kwa mamia ya mamilioni ya dola. Mwaka 2014 Moody's, kisha Standard & Poor's, kampuni zinazopima nani ataweza kulipa madeni yake, wakaishusha Kansas daraja la mikopo. Machi mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Kansas ikasema fedha za shule zinagawanywa kwa namna inayokiuka katiba ya jimbo. Hasira ikaingia ndani ya chama chenyewe. Julai zaidi ya Warepublican 100, wakiwamo wabunge wengi wastaafu, walijitokeza hadharani kumuunga mkono mgombea wa Democratic, Paul Davis. Agosti, kwenye mchujo (nasema mchujo kama Wakenya, maana nikisema kura za maoni Mtanzania ataelewa na Mkenya atadhani ni habari ya kubadili katiba), mpinzani asiye na fedha wala jina alichukua zaidi ya theluthi moja ya kura za Warepublican dhidi ya gavana aliyeko madarakani. Tafiti nyingi za kiangazi kile na hadi Oktoba zilimweka Davis mbele. Nilimwandikia mdogo wangu: huyu amekwisha.

Katikati ya Oktoba bahasha ya kura ikaja kwa posta. Mzee alikuwa hawezi kwenda kituoni. Asubuhi moja, kabla sijamaliza zamu, aliniomba nimsogeze mezani, nimpe kalamu nyeusi na ile lenzi yake ya kusomea. Mimi sikuwa raia bado, na hata ningekuwa raia kura ya mtu ni yake, kwa hiyo nilikaa upande wa jiko nikimkorogea uji wa oti. Lakini Mzee alikuwa na tabia ya mwalimu: kila anachoandika anakisoma kwa sauti. Nikamsikia. "Gavana. Brownback." Kalamu ikazungukazunguka ndani ya kile kiduara, taratibu, hadi kikajaa weusi.

Nilishindwa kujizuia. "Mzee, si jana tu umesema mtu huyu ameua shule?"

"Ameziua."

"Sasa?"

"Sebelius nilimpa mara mbili," akasema, akaenda mstari unaofuata.

Alilisema kama mtu aliyetoa maelezo yote yanayohitajika. Kwa mtu wa Kansas yalikuwa yametosha. Kathleen Sebelius ni Mdemokrat aliyeshinda ugavana Kansas mwaka 2002, akashinda tena 2006 kwa karibu asilimia 58, jambo ambalo halingewezekana bila Warepublican kama Mzee. Mwaka 2009 akaacha ugavana akaenda Washington kuwa Waziri wa Afya wa Barack Obama, na akawa ndiye msimamizi wa ile sheria ya bima ya afya ambayo kule mashambani waliichukia hata kabla hawajaisoma. Oktoba 2013 tovuti ya kujiandikisha bima ilipozinduliwa ikakwama, aliyekuwa anatoa maelezo kwenye televisheni alikuwa yeye. Mzee alihisi kwamba aliazima kura yake nje ya nyumba, ikaenda kutumika mahali ambapo hakuituma. Hakuwa tayari kuazima tena. Davis hakuwa na kosa lolote kwake, isipokuwa hiyo D mbele ya jina.

Jambo hili huwa linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Obama aliyekuwa anatumiwa kuwatisha watu wa Kansas, baba yake ni wa Nyang'oma Kogelo, sawa, lakini mama yake alizaliwa Wichita hii hii mwaka 1942. Babu na bibi yake ni watu wa Kansas hii. Huko Nyanza walimwona mtoto wa nyumbani, wakati nyumbani hasa kwa mama yake mwaka 2012 alipata asilimia 38 tu. Vuli ile ya 2014 yeye mwenyewe aliwarahisishia kazi wapinzani wake: alisema kwenye hotuba kwamba jina lake halimo kwenye kura ila sera zake zimo, kila moja. Wademokrat wa majimbo mekundu, yaani yale ya Warepublican, walishika vichwa.

Brownback alikuwa na silaha nyingine, mbaya zaidi. Julai ile Mahakama ya Juu ya Kansas ilikuwa imefuta hukumu za kifo za ndugu wawili waliofanya mauaji ya kinyama hapa Wichita Desemba 2000. Watu wa hapa hawajayasahau hadi leo, ukigusa tu habari ile mtu anashusha sauti. Matangazo ya kampeni yakaja na sura zao: mkimchagua Davis, mnachagua majaji wa aina hii. Shule, kodi, daraja la mikopo, vyote vikasogezwa pembeni wiki tatu za mwisho.

Novemba 4, Brownback asilimia 49.8, Davis 46.1, kilichobaki kikaenda kwa mgombea wa chama cha Libertarian. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura hawakumpa yeye, na ushindi ni wake. Nilimpelekea Mzee chai asubuhi. Alikuwa amekunja uso kama aliyefiwa.

Waswahili tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nimeishi na methali hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuiona ikipiga kura.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kufuatilia magavana wasiopendwa, kama wengine wanavyofuatilia ligi, na kitu cha kwanza nilichojifunza ni kutoziamini asilimia za kuridhika peke yake. Mtafiti anapiga simu, anauliza: unaridhika na utendaji wa gavana? Mzee angejibu hapana, na angetaka kuongeza maneno mawili matatu. Jirani yake Mdemokrat naye angejibu hapana. Hizo hapana mbili zinahesabiwa kapu moja, gavana anaonekana yuko kaburini. Lakini moja ni hapana ya nje na nyingine ni hapana ya nyumbani. Shabiki wa Yanga anamtukana kocha wake wiki nzima, ila Jumamosi hutamwona na jezi nyekundu. Kwa hiyo nikiona gavana ana asilimia 35, naangalia kwanza wanaomkataa wanaishi upande gani wa uzio.

Kisha naangalia nani yuko Ikulu, maana hilo linaamua kama wa nyumbani watarudi nyumbani au watabaki sebuleni siku ya kura. Historia hapa ni nzito kweli. Tangu 1934, chama cha rais kimeongeza viti kwenye Baraza la Wawakilishi katika uchaguzi wa katikati ya muhula mara tatu tu: 1934 yenyewe, 1998, na 2002 baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Mara nyingine zote kimepoteza. Clinton alipoteza viti zaidi ya 50 mwaka 1994, Obama 63 mwaka 2010, Trump 40 mwaka 2018. Walioridhika hubaki nyumbani, waliokasirika hutoka. Mwaka 2014 waliopiga kura nchi nzima hawakufika hata asilimia 37 ya wenye haki, idadi ndogo kuliko zote tangu 1942, wakati vijana walikuwa vitani. Miaka minne baadaye, Trump akiwa Ikulu, wakafika karibu nusu, idadi ambayo uchaguzi wa namna hiyo haukuwa umeiona kwa karne nzima.

Anayelionyesha hili vizuri kuliko wote ni Mrepublican Scott Walker wa Wisconsin. Alichaguliwa 2010. Mwaka 2011 akavivunja nguvu vyama vya wafanyakazi wa umma, watu wakajaa bungeni Madison wakalala humo kwenye sakafu ya marumaru. Juni 2012 wakamlazimisha arudi kwenye kura kabla ya muda wake, akashinda, gavana wa kwanza katika historia ya Marekani kunusurika kura ya kuondolewa. Akashinda tena 2014. Watu wakaanza kusema ana dawa. Dawa yake ilikuwa Obama: mara zote tatu, aliyekuwa Ikulu ni Mdemokrat. Mwaka 2018 Walker ni yuleyule, jimbo ni lilelile, sera zilezile, uchumi hata si mbaya, ila Ikulu kuna Trump. Akapoteza kwa asilimia 1.1, kura kama 29,000, kwa Tony Evers, msimamizi wa elimu wa jimbo asiye na mbwembwe yoyote. Na hapa sijizuii kutabasamu: mwaka uliotangulia Walker mwenyewe alitia saini sheria inayosema mshindwa hawezi kudai kura zihesabiwe upya ikiwa tofauti imezidi asilimia 1.

Ningeishia hapo ningekuwa nimewaambia nusu ya habari. Usiku uleule uliomwokoa Brownback, usiku ambao Warepublican walitwaa wingi wa viti vya Seneti, gavana mwenzao Tom Corbett wa Pennsylvania aliangushwa kwa karibu asilimia 10. Tangu jimbo hilo liruhusu gavana kuomba muhula wa pili, kila aliyeuomba aliupata. Corbett akawa wa kwanza kunyimwa. Naye alikuwa amebana fedha za shule, na juu ya hapo alikataa kutoza kodi maalumu kwenye gesi iliyokuwa inachimbwa kwa fujo chini ya mashamba ya watu. Wimbi lilikuwa la chama chake na bado akazama. Tofauti yake na Brownback naiona kwenye ardhi waliyosimama: Pennsylvania ilikuwa imempa Obama ushindi miaka miwili nyuma, kwa hiyo Mrepublican pale hawezi kuishi kwa watu wa nyumbani peke yao. Brownback aliweza kupoteza theluthi moja ya mchujo na bado akabaki na akiba. Corbett hakuwa na akiba hiyo.

Paul LePage wa Maine aliokolewa na hesabu tofauti. Alichaguliwa 2010 kwa asilimia 38 tu kwa sababu wapinzani wake, Mdemokrat na mgombea binafsi, waligawana kura, na 2014 mgombea binafsi yuleyule akajitokeza tena, LePage akarudi kwa 48. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Watu wa Maine waliudhika hadi wakapitisha, mwaka 2016, utaratibu wa kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu ikabainika kwamba katiba ya jimbo hairuhusu kuutumia kwenye uchaguzi mkuu wa gavana, kiti chenyewe kilichowaudhi.

Ila aliyevunja kanuni yangu vibaya kabisa ni Matt Bevin wa Kentucky, na nilikuwa na sababu ya kumfuatilia. Rafiki yangu Mkongo, tuliyeanza naye kazi Wichita, alihamia Lexington kwa kuwa ndugu zake wako huko, na ukiingia makanisa fulani ya Lexington Jumapili utadhani uko Bukavu, Kiswahili mwanzo mwisho. Kentucky inachagua gavana mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa rais, mwaka wake peke yake. Bevin aligombana na walimu kuhusu pensheni. Aprili 2018 walimu walipofunga shule kwenda kuandamana, alidai kwamba siku hiyo lazima kuna mtoto mahali fulani alidhalilishwa kwa kuachwa bila uangalizi. Baadaye akaomba radhi. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Novemba 2019, Trump alifika Lexington mwenyewe kumpigia debe, katika jimbo alilolishinda kwa karibu asilimia 30. Bevin akashindwa na Andy Beshear kwa kura kama 5,000 kati ya zaidi ya milioni 1.4. Na Warepublican walishinda nafasi nyingine zote za jimbo zima usiku uleule. Watu walishika karatasi, wakashuka nayo mstari kwa mstari wakimpa kila Mrepublican, wakamruka mmoja.

Rafiki yangu alinipigia akicheka: "Ndugu, hapa ukitukana mwalimu, umetukana mke wa mtu, dada wa mtu na mama wa mtu." Nadhani alikuwa sahihi. Kodi ya Brownback ilikuwa ni tarakimu, ilihitaji kuelezwa. Neno la Bevin lilimfikia mtu mezani kwake likiwa tayari limepikwa. Mtu wa nyumbani humvumilia gavana anayekosea, lakini anayemdharau, huyo humkumbuka hata kalamu ikiwa mkononi.

Hata hivyo kina Bevin ni wachache mno. Nimewahesabu magavana walioangushwa kwenye uchaguzi mkuu katika chaguzi nne za katikati ya muhula: wawili 2010, watatu 2014, wawili 2018, na 2022 mmoja tu, Steve Sisolak wa Nevada, aliyebebeshwa mzigo wa kasino zilizofungwa wakati wa korona, pale ukosefu wa ajira ulipovuka asilimia 25. Ongeza watatu walioangushwa na vyama vyao kwenye mchujo. Chaguzi nne, nchi nzima, watu 11. Ukiisoma harakaharaka namba hiyo utasema kiti cha gavana kina gundi. Lakini wale ambao wangeanguka wengi hawafiki uwanjani. Wanasikia harufu mapema, wanagundua ghafla kwamba wamekosa muda wa kukaa na familia. Wengine katiba inawafungia mlango baada ya muhula wa pili. Kwa hiyo anayebaki kugombea tayari amechujwa na woga wake mwenyewe.

Mwaka 2022 wengi tulikosea. Biden alikuwa amechokwa, bei za vyakula na mafuta zimepanda, kila mtu akangoja wimbi jekundu. Baraza la Wawakilishi likaenda kwa Warepublican kwa viti vichache tu, na magavana wa Democratic waliotazamiwa kuanguka, Wisconsin, Michigan, Kansas, wakabaki. Mahakama ya Juu ya nchi ilikuwa imefuta haki ya kutoa mimba Juni ile, na ghafla mwenye kutoka nyumbani kwa hasira hakuwa mpinzani wa rais peke yake. Hapa Kansas kwenyewe Agosti 2022 watu walikataa kwa asilimia 59 kuiondoa haki hiyo kwenye katiba ya jimbo. Nilisimama foleni siku hiyo kwenye jua la nyuzi karibu 38, mbele yangu bibi mwenye kofia yenye nembo ya trekta, nyuma yangu wasichana wawili wa chuo, hakuna aliyesema na mwenzake neno.

Novemba hii ya 2026 majimbo 36 yanarudi kwenye kura, Trump akiwa Ikulu kwa muhula wa pili. Kim Reynolds wa Iowa, ambaye tafiti zilikuwa zinamweka mkiani, alishatangaza Aprili 2025 kwamba hagombei. Evers naye amesema inatosha. Novemba 2025 Virginia na New Jersey zilitoa dalili, Wademokrat Abigail Spanberger na Mikie Sherrill wakishinda kwa zaidi ya asilimia 10 kila mmoja, na Virginia tangu 1977 imekosea mara moja tu kumpa ugavana mtu wa chama kisicho cha rais. Mimi ningekuwa Mrepublican asiyependwa, katika jimbo ambalo Trump alilishinda kwa nukta chache, ningeanza kuwaza familia. Ningekuwa Mrepublican asiyependwa Oklahoma, ningelala usingizi.

Narudi kwa Mzee. Baada ya uchaguzi ule Brownback aliendelea kushuka, tafiti za 2016 zikamweka wa mwisho kati ya magavana wote 50. Mwaka 2015 ili kuziba pengo la bajeti kodi ya mauzo ya jimbo ilipandishwa kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, na Kansas wakati huo ilitoza hata chakula. Nilikuwa nikimnunulia Mzee maziwa, mkate na mayai namrudishia risiti, anaishika kwa lenzi, anaweka kidole kwenye mstari wa kodi, ananitazama. Hakuna maneno. Wilaya kadhaa za shule mwaka ule zilifunga mapema kabla ya muhula kuisha, fedha zimekwisha. Juni 2017 wabunge, Warepublican wa wastani wakiungana na Wademokrat, waliipindua kura ya turufu ya gavana na kulifuta lile jaribio: kura 27 kati ya 40 kwenye Seneti ya jimbo, kiwango kilekile kilichohitajika, bila hata moja ya ziada. Januari 2018 Brownback akaondoka kwenda kuwa balozi wa uhuru wa dini.

Makamu wake, Jeff Colyer, akarithi kiti, na Agosti akashindwa kwenye mchujo na Kris Kobach kwa kura 343. Mia tatu arobaini na tatu, katika jimbo zima. Novemba ikaja Kobach dhidi ya Laura Kelly, seneta wa jimbo kutoka Topeka, ambaye kampeni yake yote ilikuwa jina la mtu ambaye hakuwepo: mnamkumbuka Brownback? Ikulu kulikuwa na Trump, hakukuwa tena na Obama wa kuwatishia watu. Kelly akashinda 48 kwa 43.

Mimi nilikuwa nimeshaapa uraia, ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpigia gavana kura. Mzee alikuwa amehamishiwa nyumba ya kulelea wazee karibu na binti yake, macho yamefifia, hakupiga kura mwaka ule. Nilimpigia simu usiku nikiwa bado nimebandika kifuani kile kistika cha "Nimepiga kura".

"Nani?" akauliza.

"Kelly, Mzee."

Akanyamaza. Nikasikia televisheni ya chumba cha jirani yake, mtu anapiga piano.

"Na Bunge?"

"Bunge ni la Warepublican bado. Wengi tu."

"Basi vizuri," akasema, kisha akamwita muuguzi amwekee mto sawa.